Wawindaji wa Kalahari walivyowasomea maprofesa nyayo za pangoni, na sisi tunaolipa tuisheni

Mla Ubuyu (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu asije akaniachia povu.

Kusini mwa Ufaransa kuna pango linaitwa Tuc d'Audoubert. Ndani kabisa huko kwenye giza kuna nyayo za watu wa kale zimebaki kwenye udongo, zaidi ya miaka 10,000 zimekaa pale, na cha ajabu nyingi ni alama za visigino tu. Pango lenyewe linajulikana tangu 1912, na miaka yote hiyo stori iliyokuwa inatembea ni kwamba hapo palichezwa ngoma ya kimila, vijana wanacheza kwa visigino, kitu kama jando hivi. Sasa 2013 wataalamu wawili wa Ujerumani, Andreas Pastoors na Tilman Lenssen-Erz, wakasema hivi kwanini tusiwaulize watu ambao kazi yao ni kusoma nyayo? Wakawapandisha ndege wawindaji watatu wa Ju/'hoansi toka Namibia, Tsamkgao Ciqae, Ui Kxunta na Thui Thao, mpaka pangoni.

Jamaa wakaingia na taa, wakainama, wakaanza kubishana kwa lugha yao. Unyayo mmoja mmoja, huyu anasema hivi yule anakataa, mpaka wakubaliane ndo wanatoa jibu. Kwenye vile visigino wakasema hapa hakuna ngoma yoyote. Huyu ni mtu mzima wa kama miaka 38 na huyu kijana wa miaka 14, walienda pale kwenye shimo la udongo, wakachukua udongo, wakarudi nao, na wakati wa kurudi wamebeba mzigo. Basi. Miaka mia ya ngoma imeisha mchana mmoja.

Sasa mimi sikushangaa sana kwamba wanajua. Nilichojiuliza ni walijulia wapi, maana hakuna hata mmoja aliyekalishwa kwenye benchi akafundishwa "leo tutajifunza unyayo wa mtu aliyebeba mzigo". Walikua wakiwafuata wakubwa, wanasikia wakubwa wanabishana juu ya alama mchangani, siku moja na wao wanatia neno, wakikosea wanachekwa, wakipatia msafara unasonga. Hiyo ndo shule yao, na hapohapo ndo lugha inaingia, kwasababu huwezi kubishana kuhusu nyayo bila kuwa na maneno ya nyayo.

Tuje kwetu, maana hatuna haja ya kwenda Namibia. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, watu elfu moja na ushee tu, lugha yao wataalamu mpaka leo hawajaiunganisha na lugha nyingine yoyote duniani kwa ushahidi unaoeleweka. Watoto wao wadogo kabisa wanatoka kambini kwa makundi, wakubwa kwa wadogo wamechanganyika, wanaokota ubuyu, wanachuma matunda pori, wanachimba mizizi, na sehemu ya chakula cha siku wanajitafutia wenyewe. Mtoto wa kiume anapata upinde akiwa bado hata pua hajui kufuta. Anayemfundisha zaidi si baba yake, ni yule mwenzie aliyemzidi miaka miwili mitatu.

Halafu mgeukie mtoto wa Sinza au Kasarani. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye basi la shule anasinzia, jioni tuisheni, usiku homuweki, jumamosi tuisheni tena. Hajawahi kumwona baba yake akifanya kazi hata siku moja, anajua tu baba "yuko ofisini". Mama akipika anaambiwa toka jikoni utaungua, fundi akija kutengeneza bomba anaambiwa kaa mbali usimsumbue fundi. Yaani tumewatoa watoto kwenye kila shughuli yetu, kisha tunamlipa mtu hela awaeleze kwa chaki shughuli zinavyokuwa.

Kuna jaribio lilifanyika kwa Wamaya wa Guatemala, la Maricela Correa-Chávez na Barbara Rogoff, lilitoka 2009. Wanachukua watoto wawili ndugu, mmoja anafundishwa kutengeneza kitu cha kuchezea, mwingine yuko pembeni anasubiri zamu yake ya kutengeneza kitu kingine. Hakuna aliyemwambia aangalie. Baada ya wiki moja anaitwa yule wa pembeni, haya na wewe tengeneza kile cha ndugu yako. Watoto wa Kimaya wa familia za kienyeji walikuwa wamekodoa macho muda wote na wakaweza kwa msaada kidogo. Watoto wa Kimarekani wengi walikuwa wanachezea vitu vingine au wanazingua ili na wao waangaliwe. Na sikia hii, watoto wa Kimaya ambao mama zao wamesoma shule miaka mingi walikuwa hawako makini kama wale ambao mama zao hawakusoma. Hapo nilikaa kimya kidogo. Damu ni ileile na kabila ni lilelile, kilichopungua ni mazoea ya kuangalia jambo lisilokuhusu.

Nawasilisha. Karibuni tubishane kama wale wa pangoni.

Ngosha wa Mjini:

Mkuu nimesoma yote nikiwa kwenye daladala nimepitiliza kituo. Ila hapo kwa fundi bomba umenigusa, jana tu nimemfukuza dogo.

Ukweli Mchungu:

Hizi nyuzi za kusifia maisha ya porini zinaandikwaga na watu wenye friji. Mwanzisha uzi hebu tuwekee na hii: watafiti walewale waliokaa na Wahadzabe miaka na miaka wanasema karibu nusu ya watoto walikuwa hawafiki miaka 15. Nusu mkuu. Malaria, kuhara, vifua. Sasa hiyo shule yao nzuri imewasaidia nini kwenye hilo? Na huyo Mhadzabe wako anayejua nyayo, akija Karatu mjini ataajiriwa na nani? Ataishia kucheza ngoma mbele ya watalii apewe buku tano. Lugha bila hela ni makumbusho. Mimi wanangu wataongea kiingereza, kichagga wakikitaka watakikuta kwenye YouTube.

Mla Ubuyu:

@Ukweli Mchungu hiyo takwimu ni ya kweli wala sikatai. Ila we unachanganya mafaili mawili. Mtoto anakufa kwasababu zahanati iko mbali na chanjo haikufika, hafi kwasababu alijifunza kwa kuangalia. Ukimpelekea dawa bado atajifunza kwa kuangalia, hakuna kinachogombana hapo. Mimi sijasema tuhamie Yaeda Chini kwa Wahadzabe, friji yangu naipenda.

Kuhusu ajira, kuna bwana wa Afrika Kusini anaitwa Louis Liebenberg, miaka ya 1990 alitengeneza programu inaitwa CyberTracker kwa ajili ya wasoma nyayo wasiojua kusoma na kuandika. Mashine ndogo ya mkononi yenye picha badala ya maneno, unabonyeza picha ya mnyama, picha ya anachofanya, satelaiti inaandika ulipo. Wale wazee wakawa wanakusanya data za wanyama ambazo mtu mwenye digrii asingeziona hata angekanyaga juu yake. Na akaanzisha mitihani ya kuwapa vyeti kwa huo ujuzi wao. Kwahiyo ajira ilipatikana pale mwajiri alipokubali kubadilisha fomu. Huku kwetu fomu ndo haibadiliki.

Na hilo la kichagga kwenye YouTube, hebu taja chaneli.

Ukweli Mchungu:

Ntaitafuta.

Mama Wawili:

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali na naomba niwe mkweli. Darasa langu lina watoto tisini na kitu. Mkiniambia watoto wajifunze kwa kuangalia, waangalie nini? Wakae wananiangalia mimi nikisahihisha madaftari? Nyie wanaume mkishasoma utafiti mmoja mnatupa walimu chini ya basi. Kusoma na kuandika hakuokotwi kama ubuyu, kunafundishwa, herufi kwa herufi, na nina watoto waliofika la tatu hawajui kuunganisha silabi kwasababu hakuna aliyekaa nao.

Ila nikiwa kama mama nakubali kitu kimoja. Mwanangu mdogo wa miaka mitatu anataka kusukuma chapati kila nikipika. Ukimruhusu unga unafika mpaka chumbani, chapati inatoka ramani ya Kongo. Ukimkataza analia nusu saa. Mkubwa wa miaka kumi nilimkataza vilevile zamani, leo nikimwambia njoo unisaidie ananiangalia kama nimemtukana.

Mla Ubuyu:

Dada shikamoo, na pole kwa tisini. Hapo kwa herufi niko na wewe asilimia zote, wala hao watafiti hawajasema darasa lifutwe. Ila hiyo aya yako ya pili umeimaliza mada kuliko mimi. Hao akina Rogoff wamekaa kwa wenyeji wa Guatemala na Mexico kwa muda mrefu, na wanachosema ni hichohicho: mtoto mdogo anajisogeza kusaidia akiwa hajui chochote, wanamwacha, anaharibu, wanampa kipande kidogo cha unga cha kwake. Akifika miaka 8 au 9 anasaidia bila kutumwa. Sisi tunamfukuza akiwa na hamu na hana uwezo, tunamwita akiwa na uwezo na hamu imeshakufa.

Kwahiyo chapati ya ramani ya Kongo ipikwe iliwe.

Mama Wawili:

Unga kilo ni bei gani lakini umeangalia?

Bintiye Nahodha:

Asalaam aleikum jamaa. Niko Lamu, nimeletewa huu uzi na shemeji yangu. Mmetaja wawindaji tu, mbona watu wa bahari mmewaacha? Kuna mzee anaitwa Mau Piailug, wa kisiwa kidogo sana Satawal huko Pasifiki. 1976 aliongoza mtumbwi wa matanga, Hōkūleʻa, kutoka Hawaii mpaka Tahiti, safari ya mwezi mzima, bila dira bila ramani bila chombo chochote, nyota na mawimbi na ndege tu. Huyu babu yake alimuanza angali mtoto mchanga, alikuwa anamlaza kwenye vidimbwi vya ufukweni aisikie bahari inavyovuta. Nyota zilifundishwa kwa mawe, yanapangwa duara chini kila jiwe na nyota yake, mtoto anazitaja mpaka zimkae.

Sasa kilichonifanya niandike ni haya. Mau aliwafundisha watu wa Hawaii ambao si wa kwao, jambo ambalo mila yao ilikuwa hairuhusu, na sababu ni kwamba vijana wa kwao wenyewe hawakuwa wanataka tena. Wallahi hapo nilimuona marehemu babangu. Mashua aliijua, majira ya kaskazi na kusi aliyajua, mwamba ulipo ndani ya maji usiku aliujua, na ndugu zangu wote watatu wako mbali, wawili Mombasa na mmoja Doha. Hakukosa elimu ya kutoa, alikosa mtoto wa kukaa naye chomboni, kwani sote tulikuwa shule, na huko shule tukiongea lugha ya nyumbani tulikuwa twavishwa disk shingoni tuzunguke nayo hadi tumpate mwengine aliyekosea tumvishe. Wanaojua disk wanajua.

Ngosha wa Mjini:

Huku kwetu ilikuwa kibao cha mbao. Inglishi midiamu bado zipo zinafanya hivyo mpaka leo, ila kwa kiswahili! Mtoto wa Tanzania anaadhibiwa kwa kuongea kiswahili Tanzania.

Mbongo wa Auckland:

Niko New Zealand mwaka wa kumi sasa ngoja nichangie ninachokiona. Wamaori walifika mahali watoto walikuwa hawaongei kabisa, lugha imebaki kwa wazee. 1982 wakafungua kituo cha kwanza kule Wainuiomata karibu na Wellington, wakakiita kōhanga reo. Hawakusubiri vitabu wala walimu wenye vyeti. Wakawachukua bibi na babu wakawaweka chumba kimoja na watoto wa chini ya miaka sita, kutwa nzima, kimaori tupu. Kula kwa kimaori, kunawa kwa kimaori, kugombana kwa kimaori. Kiingereza kinaachwa mlangoni. Wazazi ndo wanaendesha, na mzazi asiyejua lugha anajifunza kwa mwanae. Ndani ya miaka michache vituo vikawa mamia na 1987 lugha ikawa lugha rasmi ya nchi.

Mi ninachoona akili hapo ni kwamba walivuka kizazi kimoja. Baba na mama lugha imeshawapita, wakawaruka, wakamuunganisha bibi na mjukuu moja kwa moja. Sisi Bongo tuna lugha zaidi ya 120 na bibi wako hai, wamekaa vijijini wanasubiri likizo ya Desemba.

Wanangu mimi hawajui kisukuma. Kiswahili wanaelewa ukigomba tu.

Ukweli Mchungu:

Mmenijazia wazee wa Pasifiki na Maori wa watu. Mna faida yoyote ya hizi lugha kwenye KICHWA cha mtoto au ni hisia tu? Nipeni kitu nishike.

Mla Ubuyu:

Shika hii. Kaskazini mwa Australia, Pormpuraaw, kuna watu wanaongea Kuuk Thaayorre. Hawa kushoto na kulia hawatumii kuelekeza vitu, kila kitu ni mashariki magharibi kaskazini kusini. Wanaweza kukwambia una sisimizi kwenye mguu wako wa kusini magharibi. Salamu yao ni unaenda wapi, na unatakiwa ujibu na upande. Kwahiyo usipojua dunia imekaaje hata salamu huwezi kumaliza. Lera Boroditsky na Alice Gaby waliwapa picha za mtu anazeeka au ndizi inaliwa wazipange kwa mfuatano. Sisi tungepanga kushoto kwenda kulia. Wao wakipanga kutoka mashariki kwenda magharibi, ukimgeuza kiti aangalie upande mwingine picha nazo zinageuka, akiangalia mashariki zinamjia kifuani. Na hakuna aliyewaambia mashariki ni wapi.

Ni watu wa kawaida tu, hawana kipaji cha kuzaliwa. Lugha inawalazimisha kuwa macho kuanzia asubuhi, kila sentensi inataka taarifa hiyo kwahiyo wameizoea toka wadogo. Mwanao akiambiwa kila siku "kiko pale" na "leta kile" atazoea nini?

Ngosha wa Mjini:

Nimejaribu hapa nyumbani, nimemwambia waifu chumvi iko kaskazini mwa sukari. Ameniuliza kama nimekunywa.

Mla Ubuyu:

😂😂 Na nyingine nisisahau maana inahusu usiku. Polly Wiessner alikaa na hao hao Ju/'hoansi, akarekodi mazungumzo yao mengi miaka ya 1970, akayapima baadaye, ilitoka 2014. Mchana kutwa maneno yao ni kama ya kwetu tu, umbea na malalamiko asilimia 34, mambo ya kazi na chakula asilimia 31, stori asilimia 6. Ikifika usiku kwenye moto, stori ni asilimia 81. Za watu walio mbali, za waliokufa, za ndoa zilizoleta balaa. Mtoto amelala miguuni kwa mtu lakini masikio yako wazi. Lugha yenye nyama, ile ya kueleza kisa kirefu kikaeleweka, iliingia saa hizo. Mchana mtoto anasikia lete, weka, toka.

Sisi umeme umetuongezea saa za usiku, na tumezijaza mchana. Mpaka saa nne usiku mzazi bado anajibu meseji za kazi na mtoto yuko na katuni. Kwa mtazamo wangu hapa ndo pameoza kuliko hata shule.

Kijana wa Tunduru:

Wakuu nimechelewa ila naomba mnisikilize maana hili ni la kwetu. Wayao tuko pande zote mbili za Ruvuma. Upande wa Msumbiji, Niassa, warina asali wanamwita yule ndege mwonyesha asali kwa sauti fulani, unatetemesha ulimi kisha unaguna, "brrrr-hm". Hawakuibuni wao, wameipokea kwa baba zao. Claire Spottiswoode akaenda akaipima, ilitoka 2016: ukitembea porini na sauti hiyo uwezekano wa kuonyeshwa mzinga ni asilimia 54, ukitumia sauti nyingine asilimia 16.

Sasa unganisha na Wahadzabe wa mwanzisha uzi. Wao ndege ni wa aina ileile ila wanamwita kwa mluzi, tena mluzi wenye melodi. 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakachanganya madesa, wakapiga mluzi wa Kihadzabe kwa ndege wa Niassa na "brrrr-hm" kwa ndege wa Eyasi. Ndege wa Eyasi waliitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Kiyao. Na wa Niassa nao wakapendelea ya kwao. Yaani ndege pori, ambaye mama yake hata hakumlea maana yai linatagwa kwenye kiota cha ndege mwingine, amejifunza lafudhi ya binadamu wa mahali alipo! Kajifunza kwa kuangalia kwamba wanaotoa sauti hii ndo wanaofungua mzinga. Na watu wakiacha kumwita, ndege wanaokuja nyuma wanakosa pa kujifunzia. Kuna sehemu za Afrika watu walishaacha siku nyingi, wananunua sukari, na huko ndege haongozi tena watu kama zamani.

Kwahiyo @Ukweli Mchungu ulitaka kitu cha kushika, lugha ikifa hapa kuna mnyama anasahau kazi.

Ukweli Mchungu:

Hii sawa. Hii nimeipenda, sina la kubisha. Swali moja tu, huyo ndege analipwa nini?

Kijana wa Tunduru:

Nta. Anakula nta na majana ya nyuki. Warina asali wa Niassa wanamwekea masega yake vizuri kwenye majani aone kabisa, asante yake hiyo.

Mla Ubuyu:

Wahadzabe sasa, hawamwekei. Brian Wood aliona mara nyingi wanakusanya masega yaliyobaki wanayachoma au wanayafukia, ili ndege abaki na njaa awaonyeshe mzinga mwingine leoleo.

Ukweli Mchungu:

Hahahaha kumbe wanamdhulumu! Mkuu hao ndo walimu wetu? Hao ni mabosi wa Kariakoo.

Mla Ubuyu:

Nani alikwambia ni malaika. Nilisema wanajua kulea mtoto anayeangalia, na yule ndege naye kaangalia miaka yote hiyo, anajua anadhulumiwa, bado akisikia mluzi anakuja.

Mama Wawili:

Anakuja kwasababu mara mojamoja nta inabaki. Kama mshahara wetu.